Biashara asubuhi, utamaduni jioni: kisa cha ziara ya mafunzo ya wanachuo wa Mtwara nchini Comoro

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya walezi wa vikundi vya wanachuo, viongozi wa wanafunzi, na wafanyabiashara wanaoombwa kila mwaka kuchangia safari za nje. Jina la chuo, mwaka wa safari, jina la mji wa wenyeji na majina ya watu yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa somo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Wahusika wanatajwa kwa nafasi zao tu. Nimezungumza na Mlezi, Matroni, Mwenyekiti, Mhazini, wanafunzi kadhaa na mfanyabiashara aliyewadhamini, na wote wameridhia kisa kisimuliwe. Nimesoma pia ripoti yao, rasimu ya kwanza na ile ya mwisho. Tofauti kati ya rasimu hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Usuli

Kikundi kilikuwa cha wanafunzi wa biashara na ushirika katika chuo kimoja ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Wengi wao ni watoto wa wakulima wa korosho kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, na wachache wametoka upande wa Lindi, Ruangwa na Nachingwea. Wamekua wakisikia habari za minada, stakabadhi ghalani na malipo ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na wanajua kwamba korosho ghafi zikipakiwa bandarini zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Katika vikao vyao swali moja lilikuwa likirudi: kusini tuna bandari yenye kina, tuna korosho, ufuta, mbaazi, choroko na saruji, sasa jirani zetu wa baharini wananunua nini kwetu, na kwa nini hatuwafahamu?

Wazo la kwanza lilikuwa Msumbiji. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, Wamakonde, Wamakua na Wayao wako kando zote mbili za Ruvuma, na kwa ziara fupi Mtanzania haombi viza. Walitaka kufika Pemba ya Msumbiji. Uongozi wa chuo ulikataa. Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi tangu Oktoba 2017, na baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021 hakuna mkuu wa chuo ambaye angetia sahihi. Ulikuwa uamuzi sahihi na haukuzua ubishi.

Comoro ililetwa na Mlezi, na hoja zake zilikuwa nzuri. Saruji ya Mtwara imekuwa ikipelekwa huko kupitia bandari ya hapa hapa. Ng'ombe na mbuzi wa Tanzania wanachinjwa huko. Wangazija, yaani watu wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Comoro, wanakuja Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo na kutibiwa, na vijana wao wanasoma vyuo vyetu. Lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa karibu, dini wengi wetu tunashiriki, na viza inatolewa uwanja wa ndege unapofika. Mwaka 2017 visiwa hivyo vilipokelewa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo. Kikao kizima kilikubali kwa furaha, na neno lililosikika mara nyingi siku hiyo lilikuwa "nyumbani". Watu waliamini wanakwenda kwa ndugu, kwa hiyo hakuna kitu kigumu cha kujiandalia.

Fedha zilitoka sehemu tatu. Wanafunzi walikaanga na kuuza korosho kwa miezi mingi. Wazazi walichangia baada ya malipo ya msimu. Sehemu kubwa kuliko zote aliitoa mfanyabiashara mmoja wa mjini, naye akaweka sharti: warudi na majina ya wanunuzi. Msomaji alishike sharti hili, kwa sababu lilifanya kazi kubwa kuliko ratiba yenyewe.

Maandalizi ya nyaraka yaliwatoa jasho. Ada ya pasipoti ni Sh 150,000, na kwa familia inayosubiri mnada hiyo si hela ndogo. Lakini kilichochelewesha zaidi ni vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Kuna wanafunzi ambao jina la baba kwenye cheti cha shule na jina la baba kwenye NIDA yalikuwa tofauti kwa herufi moja, na herufi hiyo iliwagharimu wiki za kwenda na kurudi. Wawili walibaki kwa sababu hiyo tu. Wazazi wa wanafunzi wa kike walitaka kujua nani atalala nao na nani atawajibika, ndipo chuo kikamwongeza Matroni kwenye msafara. Aliongezwa ili kuwatuliza wazazi. Hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba ndiye atakayeokoa nusu ya ziara.

Yaliyotokea

Safari ilipangwa Agosti kwa sababu ndiyo likizo. Wapo waliotaka kwenda kwa bahari kutoka Mtwara ili kuonja njia ya mzigo wenyewe, lakini chombo walichokiona bandarini kilikuwa cha mizigo, hakikuwa na kibali cha kubeba abiria, na Agosti kusi bado linavuma. Mlezi akakataa. Wakapanda basi hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ndege hadi Hahaya, uwanja wa Ngazidja.

Tatizo la kwanza liliwakuta uwanjani. Walikuwa wamebeba sampuli: korosho za kukaanga kwenye pakiti zenye nembo yao, korosho zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa, na mfuko wa ufuta. Hawakuwa na cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Maofisa waliachia pakiti za kukaanga, wakazuia vilivyobaki. Waliongea nao kwa adabu na hawakupiga faini, ila sampuli zilizokuwa kiini cha mikutano ya wiki nzima zilibaki kwenye chumba cha mizigo.

Tatizo la pili lilikuwa pesa mkononi. Baadhi walikuja na shilingi wakiamini watabadilisha. Faranga ya Comoro imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika, karibu faranga 492 kwa euro moja, na anayekuja na euro hana shida. Anayekuja na shilingi hapati pa kubadilisha kirahisi, na pesa ya simu ya nyumbani haikuwafaa kitu. Mhazini alikuwa na dola, akawakopesha wenzake siku tatu za mwanzo huku akiandika kila kitu kwenye daftari.

Ratiba ilikuwa imechapwa na kubandikwa ukutani kwenye nyumba ya wageni. Kila siku iligawanywa mara mbili: asubuhi "Biashara", jioni "Utamaduni". Asubuhi kulikuwa na ofisi za serikali, chama cha wafanyabiashara, soko la Volo Volo na bandari. Jioni kulikuwa na mji mkongwe, Msikiti wa Ijumaa, ngoma, chakula na maongezi na vijana.

Asubuhi hizo ziliwaangusha moja baada ya nyingine. Kwenye ofisi ya kwanza walipokelewa vizuri, wakapewa makabrasha yenye taarifa za forodha na kanuni za uagizaji, yote kwa Kifaransa, na katika msafara hakukuwa na anayesoma Kifaransa. Wale waliokuwa wakisema "lugha ni moja" walikaa kimya. Sokoni mtu unaelewana naye, mnacheka, anakuuzia ndizi. Lakini mkataba, tozo na barua ya ofisi ni Kifaransa. Ofisi ya pili mhusika hakuwepo, amekwenda kwao harusini. Ofisi ya tatu hivyo hivyo. Volo Volo wauzaji waliwajibu kwa ukarimu kila swali isipokuwa lile lililowaleta, yaani bidhaa umeinunua wapi na kwa bei gani. Nani angemwambia mgeni mwenye daftari na kalamu jambo hilo?

Bandarini walijifunza kitu cha maana. Bandari ya Moroni, mji mkuu, haina kina cha kupokea meli kubwa. Zinatia nanga nje, na mzigo unashushwa kwenye matishari hadi ukingoni. Bandari yenye kina iko Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Mwanafunzi mmoja wa Newala, aliyezoea kuona meli zikifunga gatini Mtwara, alikaa ukutani akaandika hatua zote ambazo mfuko mmoja wa kilo 50 unapitia, nani anaugusa na nani analipwa kila unapoguswa. Ukurasa ule ni miongoni mwa kurasa bora za ripoti yao.

Jioni ya siku iliyofuata nusura waharibu kila kitu. Katika maongezi na vijana wa mtaa, mwanafunzi mmoja aliuliza kama wao wanahitaji viza kwenda "nchi ya Maore", kisiwa ambacho ramani nyingi zinakiita Mayotte. Chumba kilinyamaza. Mzee aliyekuwa amekaa mlangoni aliinuka taratibu, akaelekeza kidole kwenye bendera iliyokuwa ukutani, akahesabu nyota kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Comoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa, lakini kwa Mngazija hicho ni kisiwa cha nne. Na ndiyo, viza wanatakiwa, na watu wengi wamezama wakijaribu kuvuka kwa mashua bila hiyo viza. Mwenyekiti alisimama, akasema, "Mzee wetu, tuwie radhi, hatukujua uzito wa tulichokiuliza." Mzee akajibu kwamba mtoto anayeuliza hana kosa, kisha akaongeza kuwa anawakumbuka askari wa Kitanzania waliokuja Nzwani mwaka 2008 pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika. Jioni ikaendelea. Lakini usiku ule Mlezi aliwakalisha hadi saa sita, na hapo ndipo walipoanza kusoma historia ambayo ilitakiwa isomwe Mtwara.

Ziara ya shamba la vanila ilikwenda vizuri na haina mengi ya kusimulia. Waliona jinsi kila ua linavyochavushwa kwa mkono, na wakamwelewa mkulima mdogo mwenzao anayesubiri bei ya dunia.

Kisha ukaja mwaliko. Mwenyeji wao, kijana aliyesoma Dar es Salaam, alikuwa na shangazi yake katika mji mdogo wa pwani, na huko kulikuwa na harusi kubwa, ile wanayoiita anda. Mwanamume wa Ngazidja anayetimiza anda anahesabiwa mtu mzima wa mji, anasikilizwa barazani na kupata nafasi yake kwenye mambo ya mji. Asiyetimiza, hata awe na mvi, bado yuko katika kundi la watoto wa mji. Sherehe zinakwenda kwa siku nyingi, na watu wengi wanazipanga Julai na Agosti, wakati ndugu wa Ufaransa wanarudi likizo. Kwenye ratiba mwaliko uliingizwa sehemu ya jioni, chini ya "Utamaduni".

Walipofika, wavulana wakakaribishwa bangwe, uwanja wa wazi wa wanaume. Walikaa, wakasikiliza hotuba, wakala, wakapiga picha. Wasichana na Matroni wakachukuliwa ndani.

Huko ndani kulikuwa na bibi mmoja aliyesimamia chakula. Alikuwa amewahi kukaa Zanzibar, Kiswahili chake kimenyooka. Matroni alimwamkia kwa shikamoo, akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka na kuanza kumenya vitunguu kabla hajauliza swali lolote. Wasichana wakafuata. Baada ya muda bibi alitoa daftari lake lenye jalada la kitambaa, lililovimba kwa unyevu, akaanza kuwasomea: magunia ya mchele, ng'ombe, mbuzi, vitunguu, mafuta, sukari, vitambaa, dhahabu. Kila mstari ulikuwa na jina la aliyechangia, kiasi, mahali kilikonunuliwa, na mwezi kilipoagizwa. Wanawake wa mji wana vyama vyao vya kuchangiana, na deni la harusi ya leo linalipwa kwenye harusi ya miaka ijayo. Taarifa ambazo wenzao walikuwa wakizitafuta asubuhi zote kwenye ofisi zilizofungwa zilikuwa kwenye daftari lile.

Kisha akawapeleka kuona nyumba. Kwa mila ya Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Familia inamjengea binti, hasa binti mkubwa, na mume anahamia kwake. Ghorofa ya chini ilikuwa imepakwa rangi upya kwa ajili ya harusi, ya juu bado matofali matupu na nondo zimechomoza. Kwenye kona ya ngazi kulikuwa na mifuko mitupu ya saruji imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani, na mwanafunzi mmoja wa Masasi akainama kusoma. Imetoka Mtwara.

"Bibi, hii nyumba mmeanza kujenga lini?"

"Mtoto huyu alipokuwa ananyonya," bibi akamjibu. "Baba yake baharia. Kila akituma, tunanunua mifuko, tunapandisha kidogo. Mwanamume anakuja na nguo zake tu, mwanangu. Nyumba ni ya mtoto wa kike."

Yule mwanafunzi ni Mmakua. Alikwenda mbele zaidi, akauliza, "Na mjomba, bibi? Mjomba wa bibi harusi anatoa nini?" Bibi akamshika mkono, akacheka, akamwita mwenzake aje asikie, kwa sababu mgeni ameuliza swali la mtu wa nyumbani. Walikaa wakizungumza habari za mjomba mpaka magharibi: nani anasimamia ardhi ya ukoo, nani anaamua binti aolewe lini, nani analaumiwa nyumba isipokwisha.

Maamuzi na sababu zake

Usiku huo kulikuwa na kikao kigumu. Wasichana walileta kurasa za maandishi, na Mwenyekiti akapendekeza mikutano iliyobaki Moroni ifutwe, msafara ubaki mjini hapo siku mbili zaidi, kwani bibi alikuwa ameshawakaribisha. Mhazini alipinga. Sababu yake haikuwa ukaidi: mdhamini alitaka majina ya wanunuzi, na huwezi kumpelekea mfanyabiashara daftari la harusi. Alisema, "Tumekula hela ya mtu. Tukirudi na habari za ngoma, mwaka kesho nani atatupa?"

Mlezi hakupiga kura kwa niaba yao. Aliwaachia wajadili, kisha akakubali msafara ugawanyike. Wachache waliondoka na Mhazini na Mlezi kurudi Moroni, waliobaki wakakaa na Matroni. Ulikuwa uamuzi wenye hatari, kwa sababu mlezi anayegawa kundi la wanafunzi ugenini anabeba dhamana mara mbili. Aliuchukua baada ya kuhakikisha kwamba kila upande una mtu mzima, una simu yenye laini ya huko, na una mwenyeji anayejulikana.

Kundi la Moroni lilikuta milango bado imefungwa, isipokuwa mmoja. Mwagizaji mmoja wa bidhaa aliwapa muda wake na kusema nao wazi. Korosho za pakiti alizisifu, lakini hakuagiza. Alisema kinachomsumbua ni chombo kuliko bidhaa: kinaondoka lini, na kinarudi na nini. Comoro inauza nje karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi, mzigo mdogo wenye thamani kubwa, na wanunuzi wake hawako Mtwara. Kwa hiyo chombo kinachopeleka saruji na chakula kinarudi kitupu, na nauli ya kwenda na kurudi inabebwa na mzigo wa kwenda peke yake. Kuhusu mchele wa kawaida aliwaambia wasisumbuke, maana uagizaji wake kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa shirika la serikali, ONICOR. Na kuhusu SADC aliwaonesha risiti zake za ushuru, wakaona wenyewe kwamba uanachama wa jumuiya haujamfutia kodi. Na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika ambako Comoro ni mwanachama, Tanzania ilijitoa mwaka 2000.

Matokeo

Walirudi bila oda hata moja. Jina la mnunuzi lilikuwa la yule mwagizaji tu, naye hakuahidi kitu. Mdhamini alikasirika, na kwa wiki kadhaa hakupokea simu ya Mwenyekiti.

Rasimu ya kwanza ya ripoti iliandikwa na wavulana watatu. Ilikuwa na sura nzuri juu ya bandari, sura juu ya ofisi walizotembelea, na ukurasa mmoja mwishoni wenye kichwa "Utamaduni", ambamo harusi ilielezwa kwa aya mbili za mavazi na vyakula. Daftari la bibi halikutajwa. Matroni ndiye aliyeisoma na kuirudisha. Alidai wasichana waliokaa jikoni waandike wenyewe walichokiona, na kiwekwe mbele.

Rasimu ya pili ni ripoti nyingine kabisa. Inaonesha, kwa mujibu wa daftari lile na mazungumzo na familia nyingine, kwamba mahitaji ya harusi huagizwa miezi kabla ya Julai, kwamba ununuzi unaamuliwa na wanawake kupitia vyama vyao, na kwamba saruji haifuati msimu kwa sababu nyumba ya binti inajengwa mwaka mzima, mifuko michache kwa wakati, kadiri ndugu wa nje wanavyotuma. Nakala ilipelekwa kwa mdhamini. Aliisoma, akapiga simu mwenyewe, na maswali yake yote yalihusu sura ya wasichana.

Uchambuzi

Kilichoshindwa kwanza ni ule mgawanyo wa asubuhi na jioni. Naona vikundi vingi vinafanya hivyo, na najua kwa nini: barua ya maombi ya fedha inataka mambo mawili yaonekane, basi ratiba inayatenga ili yahesabike. Lakini katika mji ule nyumba, mahari, ng'ombe, mchele, heshima ya mwanamume na deni la mwanamke ni jambo moja. Aliyeweka harusi chini ya "Utamaduni" aliwaambia wenzake bila kusema kwamba huko hakuna cha kuandika, na ndiyo maana wavulana walikaa bangwe saa nyingi bila kuuliza mchango wa ng'ombe unapangwaje. Bangwe nako kulikuwa na biashara. Walikwenda wakiwa wamejiandaa kutazama.

La pili ni tarehe. Likizo ya chuo ndiyo iliyochagua Agosti, na Agosti wenye ofisi wako harusini. Mlezi anaamini ziara ijayo iende nje ya msimu, labda Februari, ili ofisi ziwe wazi. Hapo natofautiana naye. Februari watakuta ofisi, ila watakosa watu. Ningewapeleka Juni, kabla wageni wa Ufaransa hawajafika, wakati familia zinakamilisha manunuzi na bibi yule bado anajaza daftari. Agosti waliona soko likila kilichokwisha kununuliwa.

Kuhusu lugha, udugu wa Kiswahili na lugha za Comoro ni wa kweli na uliwafungulia milango ya nyumba. Hatari yake ni kwamba uliwafanya wasitafute mtu wa Kifaransa. Mwanafunzi mmoja kati ya wale Wangazija wanaosoma Dar es Salaam, akilipiwa nauli ya kwenda kwao likizo, angewasomea makabrasha yote na angewaonya kuhusu Maore kabla hawajapanda ndege. Sampuli na pesa ni mambo ya kawaida, yanatibika kwa siku mbili za kujiandaa: cheti kiombwe mapema, euro zinunuliwe Dar.

Sharti la mdhamini linahitaji kutazamwa kwa haki. Mtu akitoa hela yake ana haki ya kuuliza faida. Lakini wanafunzi hawana mzigo, hawana leseni ya kusafirisha nje, hawana chombo. Kuwatuma wakatafute wanunuzi ni kuwatwika kazi ambayo wenye maghala na makampuni imewashinda. Wanachokiweza kuliko mfanyabiashara ni kukaa, kumenya vitunguu, kusikiliza na kuandika kwa usahihi. Mhazini alikuwa sahihi kulilinda jina la kikundi, na safari yake ya kurudi Moroni ilileta ile habari ya chombo kinachorudi kitupu, ambayo bila yeye isingepatikana. Ila sharti lilikuwa limemfundisha kudharau kurasa zilizokuwa na thamani zaidi, na hilo lilipaswa kuzungumzwa Mtwara, mezani, kabla hela haijapokelewa.

Kilichofanikiwa kwa uwazi ni Matroni. Chuo kilimleta awe mlinzi wa mabinti, yeye akawa mtafiti mkuu. Alijua mambo ambayo mwanamke wa kusini anayajua bila kufundishwa darasani: kwamba kwenye shughuli huingii na maswali, unaingia na mikono, na kwamba mwenye shughuli halisi yuko ndani. Wanafunzi wa Kimakua, Kimwera na Kiyao walikuwa na mtaji mwingine, maana nao wametoka kwenye jamii ambazo ukoo wa mama una nguvu na mwanamume huhamia kwa mkewe. Mtaji huo haukuwa kwenye andiko lao la mradi. Kama ungekuwepo, swali la mjomba lingeulizwa siku ya kwanza, na lingeulizwa bangwe pia.

Kikao cha kila usiku nacho kiliwasaidia. Bila hicho, kurasa za wasichana zingebaki mikobani mpaka Mtwara, na mgawanyiko wa msafara usingejadiliwa kwa adabu ile.

Hali ilivyo sasa

Kikundi kimeandika mpango wa pili. Hauna kipengele cha asubuhi na jioni, na umetenga fedha ya mkalimani. Sampuli zimepunguzwa zikabaki pakiti za kukaanga, na ombi la cheti limewekwa kuwa hatua ya kwanza, kabla ya tiketi. Mdhamini amekubali kulipia wanafunzi wawili tu, mwezi Juni, na amesema mmoja wao awe yule wa Masasi. Amefuta sharti la majina ya wanunuzi, badala yake ametoa maswali sita kuhusu saruji ya nyumba za mabinti: nani anaamua aina, ananunua mifuko mingapi kwa mara moja, anaihifadhi vipi isigande. Chuo bado hakijajibu kuhusu ruhusa, kwa sababu Juni ni mwezi wa mitihani.